MTOTO WETU AMEPATA, WA JIRANI AMEKOSA: TUSHUKURU NAMNA GANI?



Mwezi wa nne tulipokea barua ya mama mmoja wa kwetu anayekaa Washington, mji wa serikali ya Marekani. Ni miaka sasa tangu aondoke hapa, na kule anafanya kazi ya kusafisha maofisi usiku. Barua ilianza kwa furaha. Mtoto wake wa miaka 3 amepata kiti katika shule ya serikali, shule inayosifiwa, karibu na nyumba, bila kulipa hata franka moja. Kiti hicho kilipatikana kwa kura. Lakini chini ya barua aliongeza jambo lingine. Katika jengo lile wanamokaa, mlango kwa mlango, kuna mama wa Etiopia mwenye mtoto wa umri ule ule. Watoto hawa wawili wanacheza pamoja kila siku. Mama hao walijaza maombi yao siku moja, juu ya meza moja, wakaandika shule zile zile. Yule wa Etiopia hakupata. Mtoto wake ni wa 41 katika listi ya wanaongojea. Mama yetu anauliza hivi: "Siku ya Jumapili nilitaka kusimama kanisani nitoe ushuhuda, nimshukuru Mungu. Miguu ilikataa. Niseme Mungu amenichagulia mtoto wangu? Basi na yule mwingine, Mungu amemfanya nini?"

Tulisoma barua hii mbele ya wazazi wachache hapa kwetu. Wengine walicheka, wakasema: ashukuru tu, maswali ataleta kesho. Mimi sikucheka. Nimebeba swali hili kwa miezi, na ninataka tulitazame pamoja.

Kwanza inafaa tueleze mambo yenyewe, kwa maana wengi wetu tukisikia neno kura tunafikiri juu ya kuchagua prezida na wadepite. Kura ya huko ni ile ya zamani, ya kutupa na kuona imemwangukia nani. Sisi tungesema tombola. Washington ni mji wa watu karibu 700,000. Mwaka 2008 baraza la mji lilipitisha sheria ya kuwafungulia watoto wa miaka 3 na 4 masomo ya bure, yale sisi tunaita maternele. Hili si jambo dogo. Katika sehemu nyingi za Marekani mzazi anapashwa kujitegemea mpaka mtoto afikishe miaka 5, na katika mji ule kumweka mtoto mdogo mahali pa kulindwa mchana kunaweza kufika dola 20,000 kwa mwaka. Mtu anayefagia maofisi atazitoa wapi? Ndiyo sababu mama wengi walirudi kazini sheria ilipoanza kutumika. Mwaka 2008 mama 65 kwa 100 wenye watoto chini ya miaka 5 walikuwa kazini ao wakitafuta kazi; mwaka 2016 walikuwa karibu 76 kwa 100. Waliochunguza mambo hayo walisema sehemu kubwa ya badiliko ilitoka kwa viti hivi vya bure.

Lakini sheria haikusema kwamba kila mtoto ataingia shule ile mzazi anayoipenda. Mtoto wa miaka 5 ana haki ya kupokelewa katika shule ya kartye yake, hawawezi kumrudisha. Mtoto wa miaka 3 ao 4, isipokuwa katika shule chache, hana haki hiyo hata kama nyumba yao inatazamana na mlango wa shule. Yeye anapashwa kuingia katika kura. Tangu mwaka wa masomo 2014-2015 kura hiyo ni moja kwa mji mzima, kwa shule za serikali na kwa sehemu kubwa ya zile zinazolipwa na serikali lakini zinajiongoza zenyewe. Mzazi anaandika shule mpaka 12, akizipanga kwa namna anavyozipenda. Mwanzo wa mwezi wa tatu mlango unafungwa. Ordinatere, yaani kompyuta, inampa kila mtoto numero bila kumjua. Shule inatazama kwanza wenye haki ya kutangulia: mwenye kaka ao dada ndani ya shule ile, mwenye kukaa ndani ya mipaka ya kartye, na katika shule fulani, kwa miaka ya karibuni, mtoto wa familia yenye shida sana ao asiye na nyumba. Kiisha hao, numero ndiyo inayosema.

Namna ya kupanga viti ilitoka kwa wenye elimu wawili wa hesabu, David Gale na Lloyd Shapley, walioandika mwaka 1962 juu ya wanafunzi kuingia chuo na, msishangae, juu ya ndoa: namna gani kuwaunganisha vijana na wasichana wengi ili pasiwepo wawili ambao wangependa kuacha wenzao na kuchukuana. Mwingine, Alvin Roth, aliichukua kanuni hiyo akaitia kazini katika mahospitali na mashule, na mwaka 2012 yeye na Shapley walipewa zawadi ya Nobel. Ninalitaja jambo hili kwa sababu moja tu. Zamani katika mji wa Boston, mzazi aliyeandika shule yenye sifa kubwa mbele ya zote na akakosa, alikuta hata shule yake ya pili imekwisha kujaa. Kwa hiyo wazazi wajanja waliandika uongo juu ya mapenzi yao ili wasipoteze, na wazazi wasiojua waliandika kweli wakaumia. Mwaka 2005 Boston iliacha mpango ule. Katika mpango mpya, na katika ule wa Washington, anayesema kweli juu ya shule anayoipenda haadhibiwi. Ninapenda hilo. Mipango mingi ya wanadamu, ya kwetu na ya kwingine, inamtesa msema kweli kwanza.

Sasa tuingie katika shida yenyewe. Je, ni haki mtoto kupewa kwa kura kitu ambacho watoto wote wanakihitaji?

Maandiko hayaogopi kura. Nchi ya Kanaani iligawanywa kwa kura. Zakaria aliingia hekaluni kufukiza uvumba kwa sababu kura ilimwangukia. Mahali pa Yuda palijazwa kwa kura kati ya Yusufu Barsaba na Mathiya. Lakini tusome pole pole. Mitume hawakutupa kura juu ya watu wote wa Yerusalemu. Kwanza walisema ni mtu wa namna gani anayefaa, yule aliyetembea nao tangu ubatizo wa Yohana, wakapata wawili, wakaomba, kiisha ndipo wakatupa kura. Akili ilifanya kazi yake mpaka ilipofika mwisho wa nguvu zake, na hapo tu ikaiachia kura. Hata nchi ya Kanaani, kitabu cha Hesabu kinaeleza kwamba kabila kubwa lilipashwa kupata urithi mkubwa na kabila dogo urithi mdogo. Kura iligawa mahali, lakini hitaji liligawa kipimo. Hawakuiachia kura kila kitu, mtu wa watoto kumi apate shamba la mtu mmoja.

Kwa kipimo hicho kura ya Washington haiko mbali sana. Hapo mtoto asiye na nyumba anapotangulizwa, hitaji linasema kwanza. Lakini wanaofanya hivyo ni baadhi ya shule tu, na haki ya kukaa ndani ya mipaka ya kartye ina nguvu sana. Na kartye zenye shule za kusifiwa, nyumba zake zinanunuliwa na nani? Kwa hiyo feza iliyofukuzwa mlangoni imeingia tena kwa dirisha.

Na hapa ninakuja kwa jambo ambalo wengi hawalijui wanaposikia watu wanagombania viti vya watoto. Ukihesabu viti vyote vya mji, huoni njaa kubwa ya viti. Mji huu mara nyingi umehesabiwa wa kwanza katika Marekani nzima kwa kuwapa nafasi watoto wa miaka 3 na 4. Kuna mto unaoitwa Anacostia unaopita katika mji. Upande wa mashariki wa mto wanakaa zaidi watu weusi, na huko ndiko maskini ni wengi. Katika shule za huko, viti vingine vya watoto wadogo vinabaki vitupu. Upande wa pili, shule inayofundisha kwa luga mbili, Kiingereza na Kispanyola ao Kifaransa ao Kichina, inaweza kuwa na listi ya mamia wanaongojea. Hivi kinachokosekana si kiti. Kinachokosekana ni shule ambayo mzazi anaiamini. Na imani hiyo haikupotea kwa kura. Ilipotea kwa miaka mingi ya kutenga watu kwa rangi na kwa mali, ya kuacha kartye fulani zioze na kuzipamba nyingine.

Basi nikumbushe kura nyingine ya Biblia, ile tusiyopenda kuihubiri. Chini ya msalaba askari walitupa kura juu ya vazi la Bwana, lile lisilo na mshono. Tazama, kati yao ilikuwa kura ya haki. Hakuna askari aliyemwibia mwenzake. Wote walikuwa na nafasi sawasawa, na aliyeshindwa hakuwa na neno. Lakini vazi halikuwa lao. Haki ya kura ilianza wakati dhambi ilikwisha kufanyika, na kura haikuisafisha hata kidogo. Sisemi kwamba wakubwa wa shule za Washington ni kama askari wale. Wengi wao wamefanya kazi kubwa kuliko miji mingine. Ninasema tu kwamba tukiona kura nyeupe, safi, isiyo na rushwa, tuulize pia: kabla ya kura, nani alifanya shule za kuaminiwa ziwe chache?

Kwa sababu kura ina hatari yake. Mtu aliyenyimwa na mkubwa anajua aende kupiga kelele wapi. Mtu aliyenyimwa na numero anarudi nyumbani akisema, sina bahati. Anailaumu nyota yake, na mkubwa analala usingizi.

Lakini sasa nigeuke, kwa maana kuna ndugu watakaosoma haya na kusema: heri zetu sisi tusio na kura. Je, heri gani? Hapa kwetu namna gani mtoto anapata kiti? Tangu mwaka 1992, masomo ya serikali yalipoanguka, wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu. Asiye na feza, mtoto wake alirudishwa nyumbani. Mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kutimiza yale katiba ya 2006 iliyoyasema, shule ya primeri bure, na madarasa yakajaa mpaka watoto kukaa chini. Maternele haikuwa katika mpango ule. Mpaka leo mzazi anayetaka maternele nzuri anahitaji vitu viwili: minervali, na mtu. Mnajua ninachosema. Tunaulizana: "Una mtu pale?" Mtu ni mjomba wa direktere, ao rafiki wa katibu, ao ndugu wa kanisa anayefanya kazi katika biro. Asiye na mtu anabaki nje, na hakuna anayemwambia kwa nini.

Neno hili, kutokuwa na mtu, liko katika Injili ya Yohana sura ya 5. Penye birika la Betesda walilala wagonjwa wengi, na aliyeingia wa kwanza maji yakitibuka ndiye aliyepona. Mmoja alikuwa mgonjwa miaka 38. Bwana alipomwuliza kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia majini. Miaka 38, na kila mara mwenye miguu ao mwenye ndugu alimtangulia. Tazameni mpango wa birika lile: aliyehitaji sana ndiye aliyeshindwa zaidi, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulimzuia kushindana. Hivyo ndivyo ilivyo kila mahali ambapo kiti ni cha anayefika wa kwanza. Katika miji mingine wazazi wamelala nje ya shule usiku kucha ili wawe mbele ya mstari. Mama anayefanya kazi ya usiku hawezi kulala katika mstari. Kwake, kura ni rehema. Kura haina mjomba, haiombi sabuni wala franka ya sukari. Na mtu anayekosa kwa kura hakuambiwa kwamba mtoto wake ni mjinga ao kwamba yeye ni maskini. Amekosa, lakini hakutukanwa. Sisi tuliozoea kutukanwa kwenye madirisha ya mabiro tunajua thamani ya jambo hilo.

Kwa hiyo nikiulizwa, kura ao feza? Kura. Kura ao kuwa na mtu? Kura, mara mia. Ila nikiulizwa kama kura inatosha, nasema hapana.

Na wanadamu, hata penye kura, wanatafuta mtu. Mwaka 2017 mkuu wa shule za serikali za Washington alitia sahihi kanuni ya kukataza wakubwa wasiingize watoto wao mashuleni nje ya kura, kwa sababu mbele yake jambo hilo lilikuwa limefanyika. Miezi michache nyuma, binti yake mwenyewe aliingizwa katika shule ya sekondari iliyokuwa na listi ya wanafunzi zaidi ya 600 wanaongojea. Mwezi wa pili 2018 habari ikatoka, naye akaacha kazi, pamoja na msaidizi wa mkuu wa mji aliyesimamia masomo. Mimi simcheki. Watu walieleza kwamba binti hakuwa na raha katika shule ya kwanza, na baba alimtafutia nafuu kama baba yeyote. Lakini kati ya wale 600 kulikuwa pia watoto wasio na raha, na baba zao hawakuwa wakuu.

Jambo hili linatugusa karibu kuliko tunavyofikiri. Kuna wazazi wanaokaa ngambo ya mpaka, katika jimbo la Maryland, wanaoandika anwani ya shangazi anayekaa Washington ili watoto wao wasome bure mjini. Mshitaki mkuu wa mji amewapeleka kadhaa tribinali, akiwadai mara tatu ya gharama ya masomo. Ninajua mtasema: serikali ni tajiri, haitakufa. Ndugu, ameibiwa nani? Serikali imepoteza feza kidogo. Aliyepoteza kweli ni mtoto mmoja ambaye angepata kiti kile, na mtoto huyo hatumjui jina. Katika mstari, ukimsukuma mtu unamwona uso, anakutazama, labda unaona haya. Katika kura unasukuma numero. Dhambi isiyo na uso ni nyepesi kubeba, na ndiyo maana watu wema wanaifanya. Huyu mama yetu ameandika kwamba ndugu yake wa Maryland alimwomba anwani yake kwa kazi hiyo, naye alikataa, wakaachana vibaya siku ya sikukuu. Kumkatalia ndugu wa damu juu ya mtoto wa mtu usiyemjua, si kila Mkristo anaweza. Mimi sijui kama ningeweza.

Turudi kwa swali lake. Kuna mithali inayofundisha kwamba watu wanatupa kura lakini uamuzi wake uko kwa Bwana. Ndugu mmoja, mtu ninayemheshimu, alinishika kwa neno hilo. Alisema: "Ukikubali mithali, unapashwa kukubali kwamba Mungu ndiye aliyempa mtoto wetu kiti. Basi kwa nini miguu ya mama ikatae?" Nilifikiri sana. Ninakubali mithali. Lakini kuwa mikononi mwa Bwana si sawa na kupendwa kuliko mwenzako. Kura ilimwangukia Yona, na ilikuwa kumtupa baharini. Kura ilimpita Yusufu Barsaba, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mungu alimkataa ao kwamba alikuwa na kosa. Alirudi mahali pake kati ya wanafunzi. Kama kuangukiwa na kura si alama ya upendo kwa Yona, na kupitwa si alama ya hasira kwa Barsaba, basi mama wa Etiopia hana haja ya kuuliza amekosa nini, na mama yetu hana ruhusa ya kusema amechaguliwa. Ndugu yule hakukubali. Anasema ninakata mithali kwa kisu. Tumeachia hapo, tutaendelea.

Sisi watu wa Kongo tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1990 wengi wa kwetu walijaza loterie ya visa ya Marekani, na tumesikia shuhuda nyingi za waliopata. Tulipiga makofi. Sikumbuki kama tuliwahi kuwatazama wale waliokaa nyuma, waliojaza mara 6 na kufunga na kuomba, wakikosa kila mwaka. Walipiga makofi nao. Wengine, kiisha miaka, hawakuonekana tena kati yetu, na tukasema imani yao ilipoa. Labda tuliipoza sisi.

Kuna jambo lingine ambalo lilinishangaza, nalo linapunguza kidogo moto wa mashindano haya. Kwa sababu kura haichagui kwa akili wala kwa mali, wenye elimu wanaitumia kupima kama maternele inasaidia kweli: wanawalinganisha waliopata na waliokosa. Katika Boston walifuata watoto zaidi ya 4,000 walioingia katika kura kati ya 1997 na 2003. Habari ilitoka mwaka 2021. Katika mitihani ya shule, waliosoma maternele hawakuwapita wenzao. Lakini walipokua, walioingia chuo kiisha sekondari walikuwa zaidi, kama 8 kwa 100, na waliofukuzwa darasani ao kufungwa wakiwa vijana walikuwa wachache. Yaani kitu walichopata hakikuonekana katika pointi; kilikuwa katika tabia, na kilingoja miaka 15 kabla ya kuonekana. Kumbe katika jimbo la Tennessee, watoto karibu 3,000 walipimwa kwa namna hiyo hiyo, na habari ya mwaka 2022 ilikuwa kinyume: walipofika darasa la 6, walioingia maternele ya jimbo walikuwa nyuma ya wale waliokosa, katika pointi na hata katika tabia. Hivi kule mzazi aliyelia kwa kukosa kura labda alilia bure, na aliyetoa ushuhuda labda aliharakisha. Kiti peke yake si zawadi. Ni nani anayesimama mbele ya watoto asubuhi, na anawatazama namna gani, ndilo jambo.

Sasa nimjibu mama, kwa namna ninavyoweza. Mama, shukuru. Shukuru kwa chakula mtoto anachokula pale, kwa mwalimu, kwa usingizi wako wa mchana baada ya kazi, kwa dola ambazo hukuzitoa. Hivyo vyote ni vya kweli na ni vyema, na asiyeshukuru kwa chema anajidhulumu. Ila usishukuru kwa kutanguliwa, kama Mfarisayo aliyemshukuru Mungu kwamba yeye si kama yule mwingine. Maneno mawili haya yanafanana mdomoni lakini hayatoki mahali pamoja. Namna ya kuyapima ni rahisi: sema ushuhuda wako wakati mama wa Etiopia ameketi kwenye benchi ya mbele. Maneno ambayo unaweza kuyasema akikutazama, hayo ni shukrani. Yale ambayo ungeyameza, hayo ni kitu kingine. Na usifikiri miguu yako ilikataa kwa sababu ya imani ndogo. Huenda ilikataa kwa sababu ilikumbuka kwamba mko wawili juu ya meza moja.

Nilimtumia maneno hayo mwezi wa tano. Mwezi wa kumi alijibu. Listi ilisogea wakati wa kiangazi, kama inavyosogea kila mwaka watu wakihama ao wakipata pengine. Mtoto wa jirani alitoka numero 41 akafika 17, kiisha ikasimama. Mama wa Etiopia angeweza kuchukua kiti kilichobaki kitupu katika shule ng'ambo ya mto, lakini ni bisi mbili kwenda na bisi mbili kurudi, na kazi yake inaanza saa moja asubuhi. Basi wamepanga hivi: mama yetu akitoka kazini asubuhi anampeleka wake shuleni, kiisha anabaki na wa jirani mpaka saa sita, dada wa mama yule anapokuja kumchukua. Ndipo analala. Anasema amekonda kidogo. Anasema pia kwamba jioni mtoto wake anamfundisha mwenzake herufi alizoziona, naye anazifundisha vibaya, B anaita D, na yule anazikubali zote.

Ushuhuda bado hajatoa. Anatafuta maneno.